Wiki Nne Bila Mume

Soko huria lilipofika Bariadi lilileta mambo mengi kwa mpigo: marobota ya mitumba, redio za bei nafuu, wanunuzi binafsi wa pamba na mizani zao, na mke mwenza. Watu wakisimulia miaka ile hutaja hayo matatu ya kwanza. Mimi naanzia la nne, kwa sababu ndilo lililoingia nyumbani kwangu.

Mume wangu alikuwa mkulima wa kawaida mpaka kampuni moja ya kununua pamba ilipomfanya wakala. Akawa mtu wa kwenda Malampaka, ambako pamba ilipakiwa kwenye treni, na huko ndiko alikompata. Angekuwa binti mdogo asiyejua kupika ningemcheka, yakaisha. Lakini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, aliyeachwa na mume wa kwanza kwa kukosa mtoto, mpole, mwenye meno mazuri, na ugali wake haukuwa na buje hata moja. Nilimtafutia kasoro mwaka mzima. Nilipata moja tu, kwamba anapiga chafya kwa kelele, na hakuna mwanamume aliyewahi kumwacha mke kwa chafya.

Tuligawana mume kwa wiki. Jumapili hadi Jumapili alikuwa nyumba kubwa, yaani kwangu, kisha Jumapili hadi Jumapili kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, ng'ambo ya ua. Nilikuwa na watoto wanne na meza ya mitumba sokoni iliyokuwa inakwenda vizuri, lakini ukiniuliza nilikuwa naishi kwa ajili ya nini, ni zamu. Jumapili jioni mzee alipovuka ua kwenda kule, nilishika ufagio nikajifanya nafagia ili nione anavyopokewa. Ua wetu ulikuwa msafi kuliko ua wowote mtaani.

Mwaka mmoja, kabla ya palizi, gari lilipita sokoni na kipaza sauti likitangaza kwamba kituo cha afya kinapima wanawake mlango wa kizazi. Nilikwenda kwa sababu jirani yangu wa meza ya viatu alikuwa anakwenda, na sikutaka ajue kitu nisichokijua.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Muuguzi alikuwa mama wa rika langu, mwenye miwani.

"Mwangaluka, mama," akanisalimu.

"Mwangaluka."

Akanilaza, akaingiza kile kifaa chao, akapaka siki. Nikamuuliza kama ni siki hii hii ya kwenye kachumbari. Akasema ni ndugu yake. Tukacheka, kisha akasogeza taa, akainama kutazama tena.

"Kuna doa limegeuka jeupe," akasema. "Ni dogo. Si saratani, ila likiachwa linaweza kuja kuwa saratani. Tunaligandisha sasa hivi kwa gesi ya baridi. Hakuna kisu, hakuna kushonwa, kizazi chako kinabaki palepale. Dakika kama kumi na tano, unarudi nyumbani kwa miguu yako."

Nikasema sawa, hata khanga nikaishikilia vizuri. Ndipo akaongeza kwamba maji maji yatanitoka kwa muda, nisishtuke, na kwamba nisikutane na mume kwa wiki nne.

"Wiki nne?"

"Nne, mama. Pale panakuwa na kidonda, lazima pakauke."

Nikapiga hesabu nikiwa nimelala vilevile, miguu juu. Zamu yangu ilikuwa imeanza jana yake. Katika wiki nne, mbili zilikuwa zangu. Hizo mbili zikienda ng'ambo ya ua, ukijumlisha na mbili zake na ile iliyokuwa imeisha jana, mzee angekaa kule wiki tano mfululizo. Baada ya wiki tano mwanamume anasahau hata maji ya kuoga yanawekwa wapi kwako.

"Naweza kurudi siku nyingine?"

"Unaweza, lakini usichelewe. Una mke mwenza?"

"Ninaye."

"Basi mwambie naye aje. Doa hili linaletwa na kirusi kinachopita kwa mume, na mume wenu ni mmoja. Si kile cha UKIMWI, msiogope. Mje wote wawili."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Nimejaribu miaka mingi kulipaka jambo hili rangi nzuri, kwamba niliona aibu, kwamba nilisahau kwa kazi. Ukweli ni kwamba sikutaka apate kitu chochote kutoka kwangu, hata habari. Na nilijua angemweleza mzee, na mzee angejua nina doa, na doa lingenifanya mimi kuwa mbovu na mwenzangu kuwa mzima.

Palizi ikapita, pamba ikachumwa, ikaja palizi nyingine. Kila mwezi nilisema nitakwenda zamu hii ikiisha. Muuguzi alinitumia salamu mara mbili kupitia kwa jirani wa viatu. Nikamjibu niko salama.

Kisha, pamba ya mwaka wa pili ilipokuwa inachumwa, mke mwenzangu akasimama kwenye mlango wa jiko langu. Ilikuwa wiki yake.

"Mwadila, dada," akanisalimu, ile salamu ya jioni.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Dada, leo nimekwenda kupimwa na akina mama wa kwaya. Wamenikuta na doa, wameligandisha hapohapo. Sasa mzee akae kwako wiki nne. Na wewe uende, dada, wamesema tupimwe wote."

"Nitakwenda," nikasema, nikikoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Nitasema nilivyojisikia: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya sufuria. Lakini furaha haikufika hata kwenye chakula cha jioni, kwa sababu niliwaza namna alivyozitamka zile wiki nne. Alizitoa kirahisi, bila hesabu, bila kunitazama usoni kuona nitazipokeaje. Hakuniogopa hata kidogo. Mimi nilikuwa nimemwogopa mwaka mzima na nusu, na yeye hakuwa na habari kama tunashindana.

Nikawa na mume mzima mzima. Nikachinja kuku, nikachagua gauni zuri kwenye robota jipya, nikapaka mafuta. Mzee akala kuku, kisha akauliza kama mwenzangu ametumiwa mnofu. Akaenda kumtengenezea bawaba ya mlango ambayo ilikuwa mbovu tangu masika. Wiki ya pili aliniuliza, mdomo ukiwa na ugali, "Hivi akipona, anaweza kushika mimba?" Nikamwambia akamuulize daktari. Nikaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Wiki ya tatu, baada ya kuwa na mzee, nikaona damu. Haikuwa siku zangu. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye benchi la kituo cha afya.

Muuguzi yule yule alitazama, akaita mwenzake naye atazame. Doa lilikuwa limetanuka na kuingia ndani, baridi isingelifikia tena. Ilibidi niende hospitali kubwa Mwanza, wakate kipande kwa waya mwembamba wa umeme, na kipande hicho kipimwe kama tayari ni saratani. Nikauliza kama kizazi kitabaki. Akasema hilo litajulikana baada ya majibu. Hakunigombeza, aliniandikia tu karatasi.

Mzee alikuwa katikati ya msimu wa kununua pamba. Aliyenisindikiza ni yeye, wa ng'ambo ya ua. Mwenyewe alikuwa amepona, na alijitolea kabla hata sijaombwa. Tukakaa kwenye benchi la hospitali, mkoba wangu ukiwa mapajani mwake.

"Dada, lako walilijua lini?" akauliza.

Uongo nilikuwa nao tayari. Sijui kwa nini haukutoka. Labda niliogopa kuingia mle ndani nikiwa nimetoka kudanganya.

"Kabla ya palizi ya mwaka jana."

Akahesabu kwa vidole, taratibu. "Na hawakukuambia tuje wote?"

"Waliniambia."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Zamu," nikasema. Neno lenyewe lilisikika dogo mno kwenye ukumbi ule.

Hakupandisha sauti. "Una watoto wanne. Una nyumba kubwa. Una meza sokoni. Mimi natafuta mtoto mmoja, sijampata. Nilikuwa na zamu tu, na hiyo nimekuletea mwenyewe mpaka jikoni kwako." Akaniwekea mkoba mapajani, akahamia mwisho wa benchi.

Nikaitwa. Walinichoma ganzi, nikasikia harufu ya nyama kuungua, na kabla sijamaliza kusali wakaniambia nishuke. Ilikuwa fupi kuliko kusuka nywele upande mmoja. Nilipotoka alikuwa bado palepale, mwisho wa benchi, na kwenye basi alikaa kiti cha nyuma yangu mpaka Bariadi.

Majibu yalikuja baadaye yakisema kipande kile hakikuwa na saratani na kingo zake zilikuwa safi. Kizazi kikabaki. Lakini kabla hayajaja nilikuwa na wiki nne za kukaa bila mume, na Jumapili ya kwanza ya zamu yangu nilijifungia ndani ili nisione mzee akibaki kule.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mzee, amesimama kama mgeni.

"Umefuata nini?" nikamuuliza. "Unajua mimi sipo sawa."

"Amenirudisha. Amesema nije nikae tu, nikuangalie. Amesema, mwambie mke mkubwa zamu yake ni yake."

Mke mkubwa. Si dada. Nikamsogezea kiti, nikakaa mbali naye, nikimsikiliza mwenzangu ng'ambo ya ua akifunga mlango wake peke yake. Ningekuwa mimi, nisingemrudisha.