Mikono ya Wifi Siku ya Wageni

Wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, alikuwa na jicho la rangi ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Ukimpa kipande cha kitambaa, anakitazama kidogo, anatia pipani kijiko cha rangi hii na chembe ya ile, na jora zima linatoka pacha wa kile kipande. Mafundi wenye vyeti walipima kwa mizani na bado wakakosea. Kiwandani kwetu, tulikotia vitambaa rangi, wakambandika jina la Kinyonga. Naye aliwajibu huku akiwarushia matone: "Kinyonga hujibadilisha mwenyewe. Mimi nawabadilisha nyinyi!"

Shule hakuiona. Mimi nilimaliza darasa la saba, tena kwa kushika nafasi ya pili, ndiyo maana nilikuwa msimamizi wa chumba cha rangi. Kaka alipofariki, mimi ndiye niliyemwingiza wifi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono mitupu. Unazamisha kitambaa kwenye maji ya moto yenye dawa ya kukazia rangi, unakigeuza, unakikamua. Mwaka wake wa sita kazini, ngozi ya wifi ilikuwa imepasuka katikati ya vidole na kucha zimegeuka buluu. Maji yale yale yalitoka kwa mtaro mpaka mtoni, leo mekundu, kesho kijani.

Siku moja meneja akatukusanya. Wageni wa mradi wanakuja kutoka nchi za nje, akasema, pamoja na watu wa wizara. Wanasaidia viwanda vifanye kazi bila kuharibu maji wala kuumiza wafanyakazi. Watachagua kimoja, chetu au kile cha ng'ambo ya mto.

Mimi nilisikia "watachagua", basi. Shuleni kwetu daftari lililochaguliwa lilikuwa lile safi.

Tukasugua mapipa siku tatu. Kuta nikazipaka chokaa. Nikasimamisha kazi ya rangi ili mtaro utiririshe maji meupe. Kikabaki kitu kimoja.

"Wifi, kesho pumzika nyumbani."

"Kwani naumwa?"

"Mikono hiyo. Wageni wataionaje?"

Akainyoosha mbele yangu akacheka. "Kwa macho, wifi. Au wanakuja vipofu?"

"Sitaki aibu mimi."

"Aibu ya nani tena? Mikono si yangu?"

"Na chumba ni changu."

Kesho yake hakuja. Tangu nimwingize kazini hakuwahi kunikatalia neno.

Mgeni mkubwa alikuwa mama mmoja mhandisi, kavaa buti, na kijana mmoja wa wizara akimtafsiria. Alichota maji ya mtaroni kwa kichupa, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akaomba kuona mikono ya watia rangi. Badala yao nikampangia wanawake wa chumba cha kukunja nguo, na mbele yao mikono yangu mwenyewe, imepakwa mafuta inang'aa.

"Anauliza mnaikinga mikono kwa kitu gani," kijana akasema.

"Usafi," nikajibu, kifua mbele.

Yule mama akaandika. Nikajua tumeshinda.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Meneja aliisoma mlango umefungwa, sisi wawili tu: hali yetu inaridhisha, msaada utakwenda kwa wenye shida zaidi. Akaikunja. "Bibi, umetupamba mpaka tumekosa."

Ng'ambo wakapata glavu ndefu za mpira, mashine za kugeuzia vitambaa na mabwawa ya kusafishia maji. Kwetu watu walisema wageni wamependelea. Nami nikaitikia, kwa sauti kuliko wote. Mwaka wa pili vidole vya wifi vikafa ganzi, akaangusha pipa, akaachishwa. Chumba cha rangi nacho kikafungwa kwa kuchafua mto.

Imepita miaka kumi na mmoja tangu hapo. Kila asubuhi nilikuwa nakwenda kumfunga vifungo vya gauni, maana vidole vyake havikioni kifungo. Mwezi uliopita, nikiwa kwenye kifungo cha tatu, nikamwambia yote: wanawake wa kukunja nguo, mafuta, barua. Kwa nini siku ile, sijui. Labda uzee.

Alingoja nifunge kifungo cha mwisho.

"Kumbe hawakuiona mikono yetu," akasema. "Miaka yote hii nilidhani wameiona ya wenzangu wakatukataa."

"Wifi, nisamehe."

"Nenda, wifi. Chai yako itapoa huko kwako."

Kesho yake binti yake alinipokea mlangoni. "Ameshavaa, shangazi." Hakunitazama.

Jana binti alikuwa ametoka. Mlango uliachwa wazi kidogo, nikamwona wifi kaketi kitandani, ameinamia kifua chake. Kifungo cha juu kilikuwa kwenye tundu la pili. Akakitoa kwa meno, akaanza upya.

Nikapiga hodi. Aliinua uso, akanitazama vizuri tu, kisha akarudi kwenye kifungo chake. Nikapiga hodi mara ya pili, na ya tatu. Hakusema karibu.