Inamahoro Alitafuta Mupaka kwa Mguu

Ukipita ku Kalundu, pale karibu na bandari, mahangari ya zamani, yale maghala makubwa ya mizigo, inasimama mustari moja kama bazee banangojea misa. Utasikia mashini moja inapiga kelele kupita zingine. Usiulize ni ya nani. Ukiuliza, kila muntu atakupa hadithi yake, na zote ni uongo. Ya kweli ni yangu. Minye njo nilikuwa komisioneri wa ile mambo, ni kusema ule muntu anaunganisha mwenye kuuzisha na mwenye kununua, kiisha bote wawili banamuchukia.

Mwenye mashini anaitwa Inamahoro. Mwanamuke wa Bwegera, mufupi, wa maneno kidogo, na miguu yake, kumbukeni hiyo miguu, ni mipana kama ya bata. Tulikuwa tunaicheka. Mungu anisamehe, lakini ilikuwa miguu ya kuchekesha.

Alishuka Uvira na mashini moja ya kukoboa mupunga, ya mazutu, ni kusema dizeli. Mupunga unatoka Bwegera na lori ya Fuso, mashini inautosha maganda, muchele unaenda soko. Kazi muzuri. Shida ilikuwa pa kuweka mashini. Ku Kimanga alipanga kiwanja kwa papa moja. Kiisha miaka mbili papa akasema mutoto wake anaoa, kiwanja kinahitajika. Ku Mulongwe kanisa ilikuwa karibu, na pasteri akalalamika kama mashini inamujibu kila akihubiri. Ku Kavimvira hakuna muntu alimufukuza. Kule ni ziwa njo ilimufukuza, ule mwaka maji ilipanda ikaingia mu nyumba za bantu bila kubisha hodi. Mara tatu mashini ilipanda pusupusu, ile mukokoteni ya kusukuma, na mara tatu Inamahoro alitembea nyuma yake, amevaa mukanda wa mashini shingoni kama mukufu wa bibi arusi.

Mara ya tatu akakuja moja kwa moja kwangu.

"Papa komisioneri, kupanga nimechoka. Natafuta hangari ya kununua."

"Hangari? Weye mama, uko na feza ya hangari?"

"Nimekuuliza kama uko na hangari. Ya feza tutaulizana nyuma."

Hangari ilikuwepo. Ilikuwa ya muzee moja Muislamu, marehemu, wa bale ambao babu zao balikujaka huku na biashara ya ziwa, zamani sana. Mutoto wake mukubwa, mama Aziza, njo alikuwa anaongea kwa jina la bandugu yake, juu bengine biko Bujumbura. Parseli, ni kusema kiwanja chote, inaanzia ku barabara inashuka mpaka ziwani. Hangari yenyewe ilikuwa kavu, lakini kipande cha chini chote kilikuwa mu maji, na bei ilikuwa imeshuka juu ya ile maji. Mu mutaa banasema: "Ule mama wa mupunga anaenda kununua samaki."

Sasa musikie ya jirani. Upande wa kaskazini iko papa Sévère, mwenye depo ya bia. Hangari alikuwa anaitamani tangu muzee iko hai. Lupango yake, ule uzio wa mabati, ilianza vizuri ku barabara, kwa borni, lile jiwe la mupaka lenye chuma katikati, banapanda kila kona. Lakini kadiri inashuka, inapinda pole pole kwa jirani, kama mulevi anarudi nyumbani. Na mulango mukubwa wa hangari unatazama ziwa, juu zamani mizigo ilikuwa inatoka ku mashua. Leo gari inapashwa kupita pembeni, upande wa Sévère kabisa, kwa kuufikia. Inamahoro alileta Fuso kujaribu. Ikakwama kati ya ukuta na mabati. Bila Fuso hakuna mupunga, na bila mupunga mashini ni chuma tu.

Ku karatasi ya zamani kulikuwa borni ine. Mbili za barabara tunaziona. Mbili za chini ziko mu ziwa, na hakuna aliyejua wapi.

Claude wa kadastri, ile biro ya serikali ya kupima viwanja, kijana wa viatu vya ncha, akakataa kuandika peve, ile karatasi ya kushuhudia mipaka.

"Sipime kitu sikione," anasema.

"Na Mungu, unamuona?" Inamahoro anamuuliza.

"Mungu haombe peve, mama."

Mama Aziza alikuwa anamupenda Inamahoro, ilionekana. Lakini alikuwa amechoka. Siku ya Jumatatu akamuita, akamupa chai, akamuambia:

"Mutoto wangu, bandugu yangu ba Bujumbura banapiga simu asubui na mangaribi. Mwisho ni Ijumaa, nyuma ya sala. Kama hakuna peve, tunamuachia Sévère. Yeye haulize mipaka."

"Atauliza namna gani, mama? Anaitembezaka mwenyewe."

Mama Aziza akacheka mpaka chai ikamwangika. Lakini Ijumaa ikabaki Ijumaa.

Siku ya Jumatano tulilipa bavuvi wawili bapige mbizi. Baliingia, balitoka, balisema maji ni matope, hata mukono wako huuone. Sévère alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia, pale lupango inapoishia, anaangalia kama iko ku sinema.

"Jiwe lilishaenda Burundi!" anatuita. "Mukalitafute ku duwane, kwenye banalipishaka ushuru!"

Minye nilishakata tamaa, nasema kweli. Nilikuwa tayari nafikiri namna ya kumusalimia papa Sévère vizuri.

Alhamisi asubui Inamahoro akafika bila viatu, kitenge amekifunga juu ya magoti, na mama Aziza na Claude alikuwa amebaita. Nikamuuliza anafanya nini. Akanijibu kama muntu anafundisha mutoto:

"Ku kwetu, muto Ruzizi ikijaa, mashamba yote inakuwa maji moja. Yangu, yako, hakuna. Unafikiri tunakaa kulia? Tunatafuta kingo ya shamba na mguu. Matope ni laini, kingo ni ngumu. Macho inadanganywa na maji. Mguu, hapana."

Kiisha akamugeukia mama Aziza: "Papa yako alipopanda borni, chini aliweka nini?"

Mama Aziza akafikiri. "Matofali ya kuvunjika. Aliyamwanga kuizunguka. Mama yetu alimugombeza juu yake, alikuwa anataka kujenga nayo jiko."

"Basi."

Akaingia. Alisimama kwanza ku borni ya barabara, upande wa Sévère, akafuata mustari na macho, kiisha akashuka mu maji, kisigino mbele, pole pole, anasugua chini kama muntu anazima sigara. Maji ya magoti. Maji ya mapaja. Bantu bakaanza kujaa, na kila moja iko na shauri. Moja anasema juzi kiboko ilionekana pale pale. Claude aliposikia kiboko akarudi nyuma hatua mbili, kwa heshima ya serikali.

Saa nzima ilipita. Alienda, alirudi, alienda. Sévère akafungua chupa.

Kwa gafula Inamahoro akasimama. "Tofali," anasema. Hatua moja. "Tofali tena." Hatua ingine, na akapiga kilio: "AYIIII!"

Bantu! Tulikimbia. Minye nilikuwa wa mbele, sifiche. Claude alipoteza kalamu. Sévère, na tumbo yake yote, tulimuona juu ya kreti tatu, na mpaka leo hakuna anayejua alipandaka namna gani. Mama Aziza peke alibaki pale, anaita: "Ni kiboko? Mutoto wangu, ni kiboko?"

"Ni chuma!" Inamahoro anajibu, machozi na kicheko pamoja. "Chuma cha borni! Kimenitoboa mguu!"

Na hakutoka. Alipandisha mguu wa pili juu ya jiwe, akasimama pale, amekuwa murefu kwa mara ya kwanza mu maisha yake.

"Claude! Kuja upime. Minye siondoke hapa, hata kwa kiboko ya kweli."

"Mama, sheria..."

"Ulisema hupime kitu hukione. Unaniona?"

Alikuwa anaonekana vizuri sana. Claude akavua viatu vya ncha, akavivika mikononi kama glavu, akaona haviachi nafasi ya karatasi, akanipa minye vyote. Akaingia, akaweka mguu wake juu ya mguu wa Inamahoro, Inamahoro akatosha wake, na kijana wa kadastri akakubali na sauti ya mutoto: "Iko." Tukavuta kamba ya kupima kutoka barabarani: metre makumi sita na mbili. Karatasi ya zamani: makumi sita na mbili. Borni ya upande ingine Inamahoro akaipata kiisha nusu saa, sasa alikuwa anajua pa kutafuta. Lupango ya Sévère ilikuwa imekula metre ine.

"Mu maji mawe inatembeaka," Sévère anasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Papa Sévère," Inamahoro anamujibu, "kama jiwe inatembea mu maji, basi mabati yako inakimbia ku inchi kavu."

Ijumaa nyuma ya sala tulitia sinyatire, kila moja saini yake. Sasa, huku kwetu, jirani akikunywa bia ya mashahidi, mupaka umefungwa; hawezi kurudi kuufungua. Bandugu ya mama Aziza balikunywa Fanta, ni haki yao. Ya bengine, Inamahoro alinunua kreti mbili, na alizinunua wapi? Ku depo ya papa Sévère. Akamuletea chupa ya kwanza mwenyewe, kwa mikono miwili, amepiga magoti, desturi ya kwao.

"Kunywa, jirani."

Sévère akaiangalia bia yake mwenyewe wakati murefu. Kiisha akakunywa, na nyuma ya siku tatu mabati ikarudi pa borni.

Mashini iko ndani sasa, imefungwa na simenti, haina tena lazima na pusupusu. Ku borni ya mu maji alisimamisha muti na kitambaa chekundu, bavuvi banauzunguka. Juzi nilipita kumusalimia, nikamuchokoza kidogo:

"Mama Inamahoro, na ile kipande ya mu ziwa? Ulilipa inchi, ukapata samaki."

"Ile nimepangisha."

"Kwa nani?"

"Kwa ziwa."

"Analipa?"

"Hata franga."

"Sasa umufukuze!"

Akapangusa mikono ku kitenge, akaniangalia.

"Minye nimefukuzwa mara tatu, papa. Ataondoka siku yake."

Kiisha akawasha mashini, na kile nilikuwa nataka kumujibu, hata minye sikukisikia.