Malkia Watatu kutoka Ng'ambo ya Mlima

Wifi yangu Jerica aliolewa kwetu akiwa hajawahi kufungua mzinga hata mmoja. Kwao walikuwa watu wa kondoo. Lakini siku moja baba yangu, mzee Urban, alimkuta zizini akimnywesha ndama mgonjwa kwa kijiko, taratibu, bila kumkemea, akaja jikoni akaniambia, "Huyu ndiye." Nilidhani anasema ndiye mke wa kumfaa kaka yangu Gregor, nikamwambia, baba umechelewa, harusi ilishapita. Kumbe mwenzangu alikuwa anawazia nyuki wake.

Gregor alikuwa dereva wa trekta msituni na mikono yake ilizoea magogo. Nyuki hawapendi mtu wa haraka. Basi baba akamrithisha mkwewe banda zima la mizinga, na aliyefurahi kuliko wote ni Gregor mwenyewe.

Nyuki hao walikuwa wale wa kijivu, wa Kranjska, jimbo letu la zamani, kama walivyo wa kila mtu huku kwetu. Wengine hatufugi, na sheria hairuhusu. Ila hata ndani ya kabila moja kuna koo. Ukoo wa baba ulikuwa mpole hata mama alianika nguo mbele ya mizinga bila wasiwasi, na ulikuwa na akili ya kubana matumizi. Wakati wa theluji walikula kidogo, na jua la machipuko lilipowaka waliongezeka ghafla kama maziwa yanayofurika sufuriani. Jerica aliushika ukoo huo akaulea miaka na miaka, hata baada ya baba kufariki. Akaanza kuzalisha malkia wa kuuza. Alichukua mabuu machanga kwa kijiti chembamba, akayalaza kwenye vikombe vya nta, na malkia wachanga walipotoka aliwapandisha mlimani katika visanduku vidogo, mahali ambapo hakuna madume ila aliyoyachagua yeye. Waliporudi wakiwa na mayai aliwatuma kwa posta, kila mmoja na kizimba chake cha wavu na watumishi wachache wa kumlisha njiani.

Kati ya wateja wake kulikuwa na mmoja aliyeitwa Florjan. Anakaa ng'ambo ya mlima, upande wa Austria, lakini ni Mslovenia kama sisi, ana Kislovenia cha kizamani kinachonikumbusha bibi yangu. Kila mwaka alinunua malkia, na kila mwaka alipiga simu kulalamika. Mara malkia ni mdogo, mara ametaga ovyo, mara nyuki wake wanalala mpaka saa nne.

"Huyu malkia wako mvivu kama padri wetu," alimwambia mwaka mmoja.

"Basi mrudishe, nikupe mwingine."

"Nimrudishe vipi, na keshazoea kwangu?"

Simu ikilia wakati wa chakula, Gregor alisema, "Pokea, mume wako wa pili huyo." Jerica alicheka, ila yale maneno yalimkera. Kisha ukafika mwaka Florjan hakununua malkia, na uliofuata pia hakununua. Kupiga simu na kunung'unika hakuacha. Jerica akaamini kwamba ameshapata malkia wa mtu mwingine, na iliyobaki ni kumcheka tu.

Mambo yaliendelea hivyo hadi Agosti ile ya mafuriko. Mvua ilinyesha mlimani usiku kucha, na kulipopambazuka kijito chetu kilikuwa kimegeuka kitu kingine kabisa, cheusi, kinabeba misonobari mizima. Banda la nyuki lilikuwa ukingoni, mizinga imepangwa ndani yake juu kwa chini kama droo za kabati. Jerica alitoka na gauni la kulalia, akataka kwenda. Gregor alimkamata kiunoni, hakumwachia. Waliliona banda likiinuka majini polepole, kama mtu anayeinuka kitini, kisha likaondoka.

Sisi tulinusurika wote, nikumbuke kusema hivyo kwanza. Matope yalijaa nyumba hadi usawa wa madirisha, ng'ombe wawili wakaenda na maji, lakini hakuna aliyezikwa kijijini mwetu. Kwetu ng'ombe akifa tunasema amekufa, na nyuki tunasema wamefariki, kama watu. Jerica alikuwa akisema hivyo hivyo kwa kila aliyemuuliza, "Wamefariki," halafu anaendelea kuzoa matope kwa koleo.

Watu walikuja. Bado nashangaa jinsi walivyokuja. Wafugaji wa mabonde mengine, ambao hatujawahi kuwaona, walileta mizinga yenye nyuki ndani yake, wakaiweka nyuma ya kanisa palipokuwa pakavu, wakamwambia Jerica achague. Wengine walileta supu na makoleo. Jerica aliwashukuru mmoja mmoja akiwashika mikono, na alipofika kwa mama mmoja mzee aliyekuwa amempa mzinga wake wa pekee, ndipo machozi yakamtoka.

Alikuwa na nyuki sasa, tena wazuri. Ukoo wa baba ndio uliokuwa haupo. Alianza kuwapigia simu wateja wake wa zamani, akiuliza kama yupo aliyebakiwa na malkia wake hata mmoja. Kila mmoja alisikitika. Wa mmoja alifariki kwenye baridi, wa mwingine alizeeka akabadilishwa, kwa mwingine ukoo ulishachanganyika na wa jirani. Malkia haishi miaka mingi, na watu hununua wapya kama wanavyonunua mbegu.

Florjan hakumpigia. Nilimuuliza mbona hampigii, akasema hana nguvu ya kusikia kwamba nyuki wake walikuwa wavivu, hasa sasa ambapo wamefariki. Nikamwelewa, lakini nilichukua namba nikatoka nje nikapiga mimi.

Nilimweleza mzee yote yaliyotupata.

"Kwa nini hakunipigia mwenyewe?" aliuliza.

"Anaona aibu, mzee wangu. Wewe ulikuwa huridhiki naye."

"Mimi? Wewe mama, mwambie asifunge mlango. Nakuja."

Barabara za mlimani zilikuwa zimekatika, ikabidi azunguke mbali. Aliwasili kesho yake mchana na gari dogo, mzee mfupi mwenye masharubu, koleo na viatu vya mpira vimelala kiti cha nyuma. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alifungua koti, akatoa kwenye mfuko wa shati, pale kifuani penye joto, vizimba vitatu vya wavu, akaviweka mezani mbele ya Jerica, juu ya karatasi ya daktari wa mifugo ya kuwaruhusu kuvuka mpaka.

"Mabinti wa mabinti wa yule mvivu," alisema.

Jerica alikiinua kimoja akakielekeza dirishani. Malkia alikuwa mrefu, wa kijivu, ana ule mkanda mgongoni, wa rangi ya ngozi ya viatu, ambao baba alikuwa akiwaonyesha wageni.

"Lakini ulisema hawafai," akasema.

"Nilisema wavivu, sikusema hawafai. Ukimsifu mfugaji, mwaka unaofuata anapandisha bei."

Gregor alicheka mpaka akakaa chini. Florjan ndipo akaeleza, tulipokuwa tunakula. Aliacha kununua kwa sababu ana malisho ya juu mahali pasipo na mizinga ya mtu mwingine, na kila kiangazi amekuwa akizalisha malkia kutoka kwa malkia wa Jerica, akiwaondoa wakali na kubakiza wapole. Mke wake Hedvika aliugua mgongo miaka ile, hatembei, na nyuki hawa ndio pekee aliothubutu kuwaweka chini ya dirisha lake. Kuhusu simu alisema, akiangalia sahani yake, kwamba kijijini kwake vijana wote wamehamia mjini, na alikuwa anataka tu kuzungumza na mtu anayeelewa anachosema.

Jerica alimwongezea mkate wa kokwa za jozi, kipande kikubwa kuliko cha kwanza.

Kumpa kundi la nyuki malkia wa kigeni si jambo la kulazimisha. Jerica alimhamisha malkia wa mzinga mmoja aliopewa, akakitundika kizimba cha mgeni katikati ya masega, mlango umezibwa kwa donge la sukari ili nyuki wautafune taratibu na kuizoea harufu yake. Alipofungua baadaye alikuta wamemzonga kama mpira, na amekwisha. Mzinga ule ulikuwa na malkia mwingine, kigori mdogo aliyejificha, na kwa uchovu Jerica hakumwona. Alikaa kwenye nyasi akajilaumu. Florjan, ambaye asubuhi yote alikuwa anazoa matope ya pishi letu, aliacha koleo akaja kukaa karibu naye.

"Mimi nimewaua hivyo wengi kuliko vidole vyangu," alisema. "Inuka, mama. Wapo wawili."

Walikagua mizinga mingine pamoja, sega kwa sega, bila haraka, kisha wakamtundika wa pili. Safari hii nyuki hawakung'ata wavu. Walisimama juu yake wakipenyeza ndimi zao, wanamlisha mgeni. Florjan aliahirisha kurudi kwake mpaka walipoyaona mayai, yamesimama kwenye sakafu za vijumba vya nta kama vipande vya uzi mweupe. Wa tatu naye akapokelewa. Jerica aliita jina la baba kwa sauti ndogo, akafanya ishara ya msalaba.

Nyuki hao walipita majira ya baridi salama. Kiangazi kilichofuata alipandisha tena visanduku mlimani, na malkia wa kwanza hakumuuzia mtu. Aliwagawia waliopoteza mizinga yao bondeni, na yule mama mzee akaletewa wake nyumbani na mzinga uliojaa.

Kisha akaniomba nimsindikize ng'ambo, kwa Florjan. Hakuwahi kufika. Tulimkuta Hedvika amelazwa dirishani, nyuki wanapita mbele ya uso wake na yeye hata hapepesi macho. Jerica aliinama akambusu, akamwambia amekuja kushukuru, na kwamba maneno aliyoyapanga njiani yote yamempotea.

"Kumbe ni mwanamke," alisema Hedvika. "Kwa wanavyogombana kwenye simu, mimi miaka yote najua ni bwana mmoja mkorofi."

Tulikula ugali wa ngano nyeusi na maziwa ya mgando, tukatoka nje, Florjan akisukuma kiti cha Hedvika, tukakaa kando ya mizinga wote wanne mpaka jua lilipohama bondeni.