Pipa la Mvua la Samaki wa Papa

Enzi zetu kule commune ya Tshopo, Kisangani, nchi ikiitwa Zaire na kila mtu mzima akiitwa citoyen, yaani mwananchi, sisi wasichana tukitoka shule tuliruka nzango, mchezo wetu wa miguu na makofi, mpaka vumbi likatufika magotini. Mvua ikinguruma tulikimbia nyumbani, si kwa kuogopa kulowa. Tulikwenda kufunua pipa la mvua la Papa, baba yangu.

Papa, mtu wa Maniema, alikuwa mtumishi wa serikali. Sebuleni aliweka sanduku la kioo alilouziwa na mfanyabiashara Mgriki aliyekuwa akirudi kwao. Ndani alipanda majani ya mtoni, akafuga samaki wadogo wa vijito vya msituni, wenye mstari wa buluu ubavuni. Majirani walicheka kwamba hawatoshi hata liboke moja, lile furushi la samaki la kuchomwa majanini.

Maji ya robinet, yaani ya bomba, peke yake yaliwadhuru. Yalinuka dawa, na chokaa yake tuliiona nyeupe chini ya sufuria ya chai. Mvua peke yake nayo haikufaa: majani yalipauka, magamba ya konokono wa mle ndani yakalainika. Basi Papa aliyalaza maji ya robinet kwenye beseni wazi mpaka harufu iishe, akayachanganya na ya mvua, kisha akayatia kikombe kwa kikombe. "Maji haipendi haraka," alituambia, na sisi tulishika beseni kimya kama tuko kanisani.

Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, chef, mkuu wa mtaa, aliingia kwetu na abacost yake, suti ya viongozi isiyo na tai. Wakubwa wangepita siku hiyo, na pipa lilimchukiza.

"Citoyen, État, serikali yako, inakupatia robinet, na weye unakinga mvua sawa mutu wa pori?"

"Iko ya samaki, chef."

"Mwaga yote. Na ile kioo, tia maji ya robinet. Niko naangalia."

Papa angekataa, kazi ingekwenda, na sisi tungekula nini? Akamwaga pipa, akajaza sanduku maji ya robinet yasiyolazwa. Samaki walipanda juu wakihema, na kabla pondu, kisamvu chetu cha jioni, haijaiva wote walikuwa wanaelea. Wakubwa walipita na gari, hawakusimama hata kidogo. Mama alipanga sahani za wageni ndani ya lile sanduku, na Papa hakulitazama tena.

Leo wajukuu wangu wanafuga samaki kwenye simu. Hawali, hawafi, wanazimwa kwa kidole. Mmoja amenishauri, nikitaka kufuga wa kweli, ninunue majani ya plastiki, eti hayasumbui. Sisi tulijua kungoja maji. Lakini hasira yangu si ya hawa watoto. Robinet zetu siku hizi zinatoa upepo, na kila parcelle, kila kiwanja cha nyumba, ina pipa chini ya bati. Papa alikufa bila mtu kumwambia pole. Juzi nilipita kwa watoto wa yule chef mvua ikinyesha. Pipa lao lilikuwa limejaa mpaka juu, wala hakuna aliyesimama mlangoni kuwaamuru walimwage.