Siku Wakwe Zetu Walipoishia Makumbusho

Mpaka leo nikipita soko la Bwera najifunika leso, na nikiwaambia kilichonipata mtacheka, chekeni tu, mimi nilishamaliza kuona aibu (uongo, sijamaliza).

Kazi yangu ni kutangaza mtandaoni jumba dogo la makumbusho mjini Kasese. Dada yangu Masika alipopata mchumba, Baluku wa Kitswamba, shangazi akaniambia, "Wewe unajua mambo ya simu, tengeneza kadi ya kuita wakwe." Nami kwa uvivu nikachukua tangazo la kazini, nikabadilisha picha, majina na saa, nikatuma. Ile sehemu ya "bonyeza hapa upate njia" sikuigusa.

Siku yenyewe tuko nyumbani Bwera, chakula kimeiva, Masika amefichwa chumbani na simu amenyang'anywa, kwa maana siku ya posa msichana haongei na mchumba, saa tano wakwe hawapo, saa saba hawapo, shangazi anazunguka uani: "Bale batu beko wapi? Ao habamutaki tena mutoto wetu?" Mara mkubwa wangu wa kazini, Madamu Grace, akanipigia kutoka Kasese.

"Biira, wageni wako wamefika. Wanaume iko na kanzu, wanawake na magauni ya gomesi, na mbuzi mbili."

Nilifurahi karibu niruke! Wiki ile nilikuwa nimetangaza kwamba anayekuja na mavazi ya heshima anaingia bure (mbuzi sikuwaelewa, lakini nikasema labda ni shauku). "Madamu, wazungushe kila chumba, usiwaachilie haraka!"

"Lakini wanauliza bibi arusi iko wapi."

"Eh... labda wanaigiza. Waoneshe chumba cha mgodi."

Akanitumia picha yao wakiwa pembeni ya kofia za wachimba shaba, nyuso zimechanganyikiwa kuliko yangu, na mimi (Baluku nilimwona mara moja tu) nikaibandika kwenye ukurasa wetu: "Familia imetupendezea leo!" Nikampelekea Masika simu yangu kule chumbani aione, angalau atabasamu, maana macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Akaikuza kwa vidole.

"Biira, mbona Baluku iko kwa kazi yako?"

Nikampigia Madamu Grace mbio awaelekeze Bwera.

Walifika saa kumi. Ramani yangu iliwasimamisha Kasese, wakadhani tumekodi ukumbi, Baluku akapiga simu ya Masika mpaka akachoka. Shangazi alikuwa ameanza kuwagombeza kwa kuchelewa, ikabidi nipige magoti mbele ya watu wote niseme kosa ni langu, na hata aliyeagiza wazungushwe vyumba vyote ni mimi.

Mzee wao akasema polepole, "Mwanangu, sisi tulifikiri ni masharti ya kwenu, mutu asome kwanza historia ndipo apewe bibi."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata shangazi. Masika hakucheka.

Basi nimeapa sitamtumia mtu kitu chochote kabla sijakibonyeza mwenyewe. Masika tumepatana. "Nakupenda," aliniambia, "lakini kadi ya arusi usiiguse." Amempa fundi wa kuchapa, ya karatasi, na njia imeandikwa kwa maneno.