Macho Niliyompa Binti Yangu

Kwetu huko Magharibi, tulimfungia baba kamba kutoka mlangoni hadi chooni kabla hata hajaota mvi. Jua likizama aliishika na kwenda polepole, na sisi watoto tukacheka. Mama alisema ni kukosa maini. Kila siku ya soko akamnunulia maini, baba akayala bila kulalamika miaka nenda miaka rudi, na macho yakaendelea kufa.

Mimi yalinianza nikiwa tayari msusi hapa Kenyatta Market. Huanzia pembeni. Siku hizi naona kama mtu anayechungulia kwa bomba: ukikaa mbele yangu nakuona, ukisimama ubavuni hupo. Wateja hawajui. Hapa tunamsuka mtu wawili wawili, mmoja kushoto, mwingine kulia, tukutane utosini, na vidole vyangu vinaijua kazi bila kuambiwa. Nikimpita mtu aliyenisalimia wanasema ati nina madharau. Heri waseme hivyo. Nani atampa kichwa chake msusi kipofu?

Nina mtoto mmoja tu, wa kike. Anafanya kazi ofisini Westlands, na tunaishi pamoja Mountain View. Tangu utotoni nimekuwa nikimchunguza macho kisirisiri. Maini nimemlisha mpaka akayachukia, hata baada ya daktari kuniambia wazi kwamba hayasaidii chochote. Ugonjwa huu ni wa damu, alisema, unashuka kutoka kwa mzazi. Niliitikia vizuri, nikapitia kwa wachoma nyama nikanunua maini.

Jumamosi iliyopita alikuja nimsuke. Alikaa kwenye kigoda, nywele za kuunganisha zikiwa mapajani, akawa ananipa kidogo kidogo juu ya bega. Kitana kikaniponyoka, kikaanguka kando ya mguu wake.

"Niokotee hicho kitana."

Akainama, akaanza kupapasa. Alipapasa sakafu kwa kiganja wazi, kama baba yangu akitafuta kiatu chake. Na kitana kilikuwa palepale, chekundu, mchana kweupe. Nilishusha uso tu, hata mimi nikakiona.

"Wewe! Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga. Tangu lini huoni kando?"

Akasema ni muda sasa. Alishaenda kwa daktari peke yake, akaambiwa ni ule wa kurithi.

"Na ukaninyamazia!"

"Si nakujua, mathe. Ungelia wiki nzima na ukatae kula."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu, na kila kibaya kilichokuwa ndani yake kilitoka kwangu. Nilimwambia pole, pole sana, mama, nisamehe, mpaka mwenzangu wa kibanda cha pili akageuka kutuangalia. Binti yangu aliniacha nimalize. Halafu akauliza, bila kugeuka:

"Mathe, kama ungejua nitapata haya macho, ungenizaa?"

Jamani, nilifikiri anataka kusikia jinsi ninavyojuta. Nilifikiri hilo ndilo jibu la mzazi mwenye huruma.

"Ningejua, haki ya Mungu nisingezaa. Nisingekuletea mateso haya."

Mkono wake uliokuwa ukinipa nywele ukasimama hewani.

"Sawa," akasema. "Mimi sasa nimejua. Na niko na mimba."

Nilianza kuyarudisha maneno yangu. Nikasema sikumaanisha hivyo, nikasema ni uchungu tu, nikasema yeye ndiye furaha yangu, na yote ni kweli. Lakini lile la kwanza nililisema kwa sauti nzima, na juu yake nikaapa. Miaka yote nimejilaumu kwa macho ambayo sikuyachagua. Maneno haya niliyachagua mwenyewe.

"Nilikuja uniambie nisiogope," akasema.

Nilizunguka kigoda, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mikono. Usiogope, mwanangu, nikamwambia. Tutamlea. Awe na macho yoyote, tutamlea.

Aliniangalia moja kwa moja, muda mrefu. Hakuniamini.