Breki za Gari la Harusi

Mwenye akili akitaka kuchutama kwenye magurudumu ya gari huvaa nguo chakavu. Murshid alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kutarizi, kwa kuwa majirani wangepita na yeye alipenda wamwone. Alikuwa amestaafu ukubwa wa ofisi ya serikali, lakini ukubwa wenyewe haukustaafu. Mafundi wote wa gereji za Rusayl, kwa kauli yake, walikuwa majuha wasiojua gari la kiungwana. Yeye alikwisha kutazama video mbili kwenye simu, basi kesha hitimu.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijerumani, jeupe, la miaka ya sabini, limeegeshwa chini ya kivuli cha bati nyumbani kwao Khuwair ya Kusini. Kesho yake ndilo la kumpeleka binti yao Noof, bibi harusi, mpaka Maskati kupigwa picha, kwa ile barabara ya pwani yenye vilima na miteremko. Na breki zilikuwa hazishiki.

Kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili. Jawaher, mkewe, alikaa kwenye usukani, mguu juu ya pedeli. Murshid alichutama kwenye gurudumu na spana yake, chini ameweka bakuli la halwa kukingia mafuta. Akisema "Kanyaga," mke anakanyaga, mume analegeza skurubu ya breki, mafuta yanatoka na mapovu yake, anaikaza, ndipo anasema "Achia." Mguu ukiachia kabla skurubu haijakazwa, upepo unarudi ndani na kazi yote imekwenda bure. Jawaher aliyaelewa hayo mara moja, na wala hakutazama video.

Walikuwa kwenye gurudumu la mwisho, skurubu wazi, pedeli imeshuka mpaka chini, Asaad wa nyumba ya pili alipotoa salamu getini. Salamu ya Kiomani haikatwi njiani. Unaulizwa hali, unaulizwa habari, unajibu kwamba hakuna habari yoyote, halafu unazitoa zote. Murshid alisimama akazitoa: harusi, wageni, gari, na zaidi ya vyote werevu wake mwenyewe. Jawaher alikuwa amekanyaga tu, paja linamtetemeka.

"Murshid! Nnachoka huku!"

"Achia basi!" alijibu bila ya kugeuka.

"Umekaza?"

"Nnakwambia achia! Umemwona huyu, Asaad? Ndani ya gari langu, ananfunza kazi!"

Jawaher akaachia. Skurubu ikafyonza upepo, akaisikia, na kwa ghadhabu aliyokuwa nayo alisikia na raha kidogo.

Murshid alirudi, akakaza, akapangusa mikono. "Khalas, tumemaliza," akatangaza. Jawaher akakanyaga tena. Pedeli ikazama kama mguu kwenye godoro.

"Umeingia upepo," alisema. "Tuanze upya."

"Gari la zamani linataka kubembelezwa. Unakanyaga mara mbili tatu, linashika."

Asaad alikuwa bado amesimama pale. Kuanza upya mbele ya jirani ni kukiri kosa, na Murshid angemeza spana kuliko kukiri.

"Kwa hivyo gari ni zima?" Jawaher aliuliza.

"Wallahi ni zima."

"Haya. Mama yako yumo ndani, kesha vaa buibui, anangoja kupelekwa Ruwi kwa dadake. Mpeleke kwa hili hili."

Murshid akakohoa. "Mama ntampeleka kwa lile gari kubwa la kila siku."

"Kwa nini?"

"Njia ile ina mteremko, bibi wee. Mama mtu mzima, hachezewi."

Noof alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameinyanyua ili hina isiharibike. Hapana aliyemwona alipokuja.

"Na mie, baba," aliuliza, "nnachezewa?"

Asaad alikumbuka ana shughuli, akaaga kwa neno moja. Jawaher akateremka garini, akamshika binti yake kiwiko, taratibu, asiiguse hina, akaingia naye ndani. Miaka yote alikuwa akimdharau mumewe kwa ujuaji, na dharau hiyo alikwisha kuizoea. Hili la leo hakujua ataishi nalo vipi.